Safu ya Kijani

Malaba ukifiwa, ukishanunua jeneza unamtafuta Austine Oundo. Duka lake la saiba, la kompyuta na printa, limebanwa kati ya mbadilishaji pesa na mama wa chapati, linatazamana na foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Humo ndimo zinamotoka ratiba za mazishi zenye njiwa na mawingu, kadi za harusi zenye maua mpaka kwenye namba ya simu, na matangazo ya vyumba vya kupanga yaliyorembwa hata mpangaji akajiuliza kama ataiweza kodi. Chini ya kila karatasi huweka maneno yake: Kazi Safi ya Austine.

Alitoka kwao Bukhayo mikono mitupu, na yote aliyoyapata aliyapata kwa kufurahisha macho ya watu. Hakuna aliyewahi kumrudishia karatasi akasema haisomeki. Na tuseme ukweli, nani husoma ratiba ya mazishi? Marehemu anajulikana, na chakula kitaonekana kikifika.

Basi umoja wa wachuuzi wa mpakani ukafanya uchaguzi wa mwenyekiti. Umoja huo unashika masoko ya Malaba, unateremka mpaka Busia, Matayos na vijisoko vya Bukhayo. Waliogombea walikuwa wawili. Wa kwanza Roselyn Akiror, Mteso wa Malaba, mjane anayeuza njugu na simsim kando ya barabara kuu. Wanawake wa pale wakienda msalani au hospitalini, funguo za vibanda vyao humwachia yeye. Wa pili Protus Wanyama wa Busia, muuza mitumba, mtu wa maneno machache na cheko kubwa. Msimamizi akawa Mwalimu Edith, aliyestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha watu.

Kura zilihesabiwa kila soko, na Ijumaa mchana Mwalimu akaja dukani kwa Austine na namba zote.

"Austine, nataka kitu mtu akiangalia anaelewa," alisema. "Watu wanasoma wakiwa wamesimama, mzigo iko kichwani."

"Mwalimu, niachie mimi. Hii itakuwa smati mpaka mwenye ameanguka afurahi."

Akaanza kuremba. Karatasi zikawa mbili: ya kwanza masoko ya Malaba, ya pili Busia na wenzake. Kwenye kila karatasi kila mgombea alikuwa na safu yake ya kushuka, na Austine aliona ni heshima anayeongoza atangulizwe na apewe rangi ya kijani. Malaba aliyeongoza ni Mama Akiror, kwa hiyo kijani kikawa chake. Busia aliyeongoza ni Protus, kijani kikawa cha Protus. Kijani kile kile, mahali pale pale. Karatasi ya kwanza majina yalikaa juu, makubwa. Ya pili, juu palikuwa pamejaa mzani na shada la maua alilolipenda sana, basi majina akayateremsha chini kabisa, kwa mwandiko wa kulala, njano juu ya nyeupe. Jumla kuu haikuwekwa popote, maana kwa sheria za umoja hiyo hutangazwa na msimamizi kwa mdomo, na Mwalimu alikuwa ameahidi kuitangaza Jumamosi.

Mwalimu Edith aliiinua ile karatasi ya pili mpaka kwenye miwani.

"Na hapa majina ziko wapi?"

"Ziko hapo chini, Mwalimu. Hiyo ndiyo staili ya siku hizi."

Mwalimu akaguna. Lakini nje watu walikuwa wakipiga kelele wanataka matokeo, na karatasi ilikuwa inang'aa kwelikweli. Akatia sahihi. Jioni zilikuwa ubaoni, sokoni Malaba.

Watu wakajazana. Wa mbele walitazama, wa nyuma wakainua simu na kupiga picha, na kila picha ikakatwa chini na vichwa vya waliosimama mbele. Picha hizo ndizo zilizosafiri kutoka simu hadi simu, zikafika Busia kabla jua halijatua. Kila mtu alifanya kile ambacho wewe na mimi tungefanya: alisoma majina ya karatasi ya kwanza, akaona kijani ni Akiror, akajumlisha kijani chote. Mama Akiror mwenyewe alijumlisha kwa simu, akarudia, hakuamini. Hata Protus alijumlisha. Akampigia mwenzake simu kumpa hongera.

Kwa Wateso wa pale, jambo likiisha vizuri huketiwa kwenye chungu cha ajono, pombe ya wimbi, watu wamezunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mwenye nyumba akiongeza maji moto kila chungu kinapopungua. Na ukiketi chungu kimoja na mshindani wako mkaongea, yale maneno yamekwisha, hayachimbuliwi tena. Mama Akiror hakuwa na kimea tayari, akaazima kwa jirani yake. Asubuhi ya Jumamosi akamwita Protus, naye akaja kutoka Busia na watu wake, amevaa koti.

Austine naye aliitwa. Alipewa kiti kizuri na mrija mpya, na wazee wakamsifu kwa kazi yake. Alinyonya ajono akitabasamu. Namba zile zote alikuwa ameziandika kwa vidole vyake mwenyewe, na hakujua nani ameshinda. Alikuwa ameziona rangi tu.

"Protus ndugu yangu," Mama Akiror alisema, amesimama na birika, "mambo ya kura imeisha. Wewe utakuwa makamu wangu. Tuchunge hawa watu pamoja."

"Mama, umeniangusha vizuri," Protus akajibu, na cheko lake likatikisa uani. "Mimi niko nyuma yako."

Makofi yalikuwa hayajaisha Mwalimu Edith alipoingia, anahema. Alikuwa amekwenda sokoni kutangaza akakuta ubao na mbuzi.

"Nani amewaambia Akiror ameshinda?"

"Si karatasi yako, Mwalimu!" watu wakajibu.

Mwalimu akatoa jumla kuu, aliyoijumlisha mwenyewe kutoka fomu za kila soko zilizotiwa sahihi na mawakala wa pande zote mbili, akaisoma. Protus Wanyama alikuwa ameshinda, na si kwa kura za kubabaisha.

Mirija ilibaki midomoni, hakuna aliyevuta. Mama Akiror alikuwa ameanza kumimina maji moto, na aliendelea kumimina, chungu kikajaa, kikafurika, maji yakatiririka mpaka miguuni mwa Protus aliyekuwa mgeni wake. Ndipo mtu akamshika mkono. Vitalis, wakala wa Protus, akaruka kutoka kitini.

"Hii ilikuwa mpango! Mmemuita kwa chungu ndiyo akubali mbele ya mashahidi. Si mnasema maneno ya chungu hairudi? Huyu mama alitaka kuiba kiti!"

"Mimi?" Mama Akiror alisema.

Mwalimu Edith akageuka. "Austine. Karatasi ni yako. Ongea."

Hapo ndipo mtu hupimwa, na hapo ndipo Austine alipopungua. Aliona macho ya wateja wake wote, wa harusi na wa matanga. Akasafisha koo.

"Karatasi iko sawa," alisema. "Majina ziko. Watu ndio hawakusoma."

Mama Akiror alimgeukia. Alikuwa bado ameshika birika.

Aibu ina tabia ya ajabu, haikuachi uketi nayo mahali pamoja. Tangu siku ile Austine alianza kuingia dukani kwa njia ya nyuma, akiruka mtaro wa maji machafu, ili asipite penye kibanda cha njugu. Akisikia mtu anataja chungu masikio yanawaka moto. Alijitetea kila siku, kwa sauti ya ndani: majina yalikuwepo, yalikuwepo. Na kila siku sauti ile ilizidi kuwa ndogo.

Kwa maana pale barabarani mambo yalikuwa mabaya. Watu walipita kwa Mama Akiror wakimsalimia "mheshimiwa" na kuficha meno kwa kiganja. Mwingine alimwimbia kabisa: asiyekubali kushindwa si mshindani. Wale wanawake waliokuwa wakimwachia funguo sasa walizifunga kwenye leso wakaenda nazo. Hilo lilimuuma kuliko matusi. Na wachuuzi wa Busia walikuwa wakidai atolewe kwenye umoja, na ukitolewa kwenye umoja huna kibanda. Njugu na simsim ndizo zilizokuwa zikimlisha tangu mumewe alipokufa.

Mwishowe Protus, ambaye hakuipenda fitina hiyo, akaomba jambo limalizwe penye ubao. Alikuja na Vitalis, na Mwalimu Edith, na wachuuzi wachache. Austine alikuja na maneno yake tayari. Alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya printa.

"Tutajua sasa hivi," alisema Mwalimu. "Austine, wewe si unasema inasomeka? Nisomee Matayos."

Hilo lilikuwa swali la mtoto. Austine akaweka kidole kwenye mstari wa Matayos, akakitelezesha mpaka namba ya kwanza.

"Matayos, Akiror amepata..."

Kidole kilikuwa kwenye kijani.

Vitalis aliinama, akainama zaidi, karibu apige magoti, akasoma majina yale ya njano chini kabisa. Alipoinuka hakuwa na hasira tena.

"Hapo ni Protus," alisema taratibu.

Hakuna aliyecheka, na ingekuwa nafuu wangecheka. Austine alihisi uso umekuwa mzito kama si wake. Alitamani Mwalimu amgombeze, lakini Mwalimu alikuwa akitazama chini, anamwonea haya.

"Hata mimi siwezi kuisoma," Austine alisema. "Na mimi ndiye niliitengeneza. Mama hakuiba kitu. Siku ile kwa chungu, Mwalimu aliposoma jumla, nilijua kuna shida, nikaogopa jina langu."

Protus akasema maneno ya kumtoa Mama Akiror kwenye umoja yakome, na yakakoma. Lakini waliosikia pale ubaoni walikuwa wachache, na waliosikia uongo ni soko zima. Austine alilijua hilo vizuri. Siku hiyo hakupita nyuma. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha njugu, akasimama kama mtu aliyekuja kukopa.

"Mama, nimekuja kusema pole."

"Pole ya nini?"

"Nilikuaibisha. Halafu nikakuacha na aibu yangu uibebe wewe."

Mama Akiror alikuwa akichagua mawe kwenye simsim. Aliendelea kuchagua.

"Mtoto wangu, unajua nililia wapi? Si kwa chungu. Nililia siku Quinter wa mboga alipita hapa na funguo yake kwa mkono, anaenda kliniki. Alinisalimia, akapita nayo." Akatupa kijiwe. "Mimi kushindwa naweza. Nimeshindwa na mambo mengi. Sasa wewe unaniletea pole. Pole utaniambia mimi peke yangu, na hao wote wanapita kwa barabara wataisikia wapi?"

"Nifanye nini, mama?"

"Andika tena. Andika vile nilianguka, nitaiweka hapa mbele. Mtu akipita aone mara moja, asiniulize. Na mahali uliweka maua, weka majina."

Austine alifunga duka mchana kweupe akaifanya kazi hiyo. Karatasi moja tu, kubwa. Majina juu, meusi, na Protus akabaki mahali pake kutoka juu hadi chini, na Akiror mahali pake, hata pale ambapo Akiror aliongoza. Kila soko na mstari wake. Namba alizipanga mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, jicho lishuke bila kujikwaa. Chini akaweka jumla, nene kuliko yote. Rangi hakuna. Ilikuwa kazi iliyo wazi kuliko zote alizowahi kufanya, na kilichokuwa wazi ni kushindwa kwa mwanamke aliyempa kiti na mrija.

Alipoileta, Mama Akiror aliisoma kwa kutupia jicho tu. Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akatazama chini ya karatasi.

"Na jina lako? Si wewe huweka jina kwa kila kitu?"

"Hii niliacha, mama."

"Weka. Useme ni nani alikosea ile ya kwanza. Na usiandike ile mwandiko yako ya kulala. Iwe kubwa kama yangu."

Akarudi dukani akaiandika upya. Alipomaliza akachukua nyundo na misumari, akaenda kuipigilia mwenyewe kwenye nguzo ya kibanda, ikielekea barabarani. Malori yalikuwa yamesimama kama kawaida. Dereva mmoja wa Mombasa, kiwiko nje ya dirisha, hana la kufanya, aliisoma kwa sauti kama anayesoma risala.

"Protus Wanyama, mshindi. Roselyn Akiror, wa pili. Jedwali la kwanza lilikosewa na Austine Oundo, Mama Akiror hakuiba kura." Hakukwama popote. Akakuna ndevu. "Haya mama, pole kwa kushindwa. Na huyo Austine Oundo ndiye yupi?"

Quinter wa mboga aligeuka asikie. Wengine nao wakageuka. Mama Akiror aliinua kikombe chake cha kupimia njugu akaonyesha nacho.

"Ni huyo hapo," alisema, "ameshika nyundo."