Ngolo za Emerensiana

Enzi za Mwingereza, Masista wa misheni walimlea yatima mpaka akawa mwali. Hapo, kama hana ndugu wala mchumba wa kumchukua, alipewa jembe, blanketi na rozari, akaambiwa aende na Mungu. Ndivyo Emerensiana alivyofika Matiri, kwenye milima ya Wamatengo, kwa Mama Kunigunda, mjane mwenye kahawa yake na moyo mkunjufu.

Moyo wa bintiye, Tadea, ulikunjamana. Mgeni alipewa kigoda cha Tadea jikoni, Tadea akavumilia. Mgeni akaitwa "mwanangu" kwa sauti ambayo Tadea aliisikia pale tu alipokuwa mgonjwa, akavumilia tena. Lakini mama alipomkatia Emerensiana mteremko wa mtoni, ule wa udongo mweusi, Tadea hakulala.

"Akivuna, ni wake," mama alisema. "Mteremko ukimshinda, itabidi nimtafutie kazi za ndani Songea." Kisha akateremka Ngumbo, kule ziwani, kubadilisha maharage kwa dagaa.

Mjomba Meinrad alikuwa ameshafyeka majani, yamekauka. Kila Mmatengo anajua kazi yake: yanalazwa miraba miraba, yanafukiwa kwa udongo wa katikati, mteremko wote unabaki vishimo kama sega la nyuki. Hizo ndizo ngolo. Mvua hutulia humo, haikimbii na udongo. Emerensiana aliyazoa majani yote, akayarundika ayachome, akaanza matuta yaliyonyooka kutoka juu mpaka mtoni. Safi kama bustani ya Masista, ila bustani ile ilikuwa mahali tambarare.

Tadea aliketi jiweni akitafuna muwa. Mvua moja tu, aliwaza, na huyu kwaheri.

"Umenyoosha kweli!"

"Ahsante, dada. Sista alitufundisha kwa kamba."

"Na mvua ikiyabeba?"

Emerensiana alicheka, kisha akaacha. "Ikiyabeba, na mimi nimebebwa. Kule sirudi. Kitanda changu walikitandikia mwingine ningali nafunga mzigo." Akachukua kijinga alichotoka nacho jikoni, akaliendea rundo la majani.

Tadea akatema muwa. "Wee! Weka chini hicho kijinga cha moto! Masista wako wanajua mbingu, mlima hawaujui."

Wakayavunja matuta, wakalaza majani, wakafukia, Tadea akifoka mpaka wingu likaziba upande wa ziwa. "Si hivyo! Unachimba kama unapiga ishara ya msalaba!"

Mama alirudi mvua imeshapita. Kila kishimo kilikuwa na maji yake, udongo haujasogea.

"Emerensiana mwanangu! Kama nimechimba mwenyewe!"

Kifua cha Tadea kikawaka. Tangu utoto alichimba, na siku zote aliambiwa ngolo zake zimepinda.

"Ni mkono wa Tadea, mama," Emerensiana alisema.

Mama akamgeukia bintiye. "Tadea? Sasa mbona zako zinapinda?"

Maharage yalizaa, na Emerensiana akajijengea kibanda pale pale. Na Tadea, mpaka anazeeka, hakupita njia ile na mtu bila kunyoosha kidole: "Unaviona vile vishimo? Vyangu vile."