Chukudu Haipiti Njia ya Miguu

Asubuhi ile Baba alikuwa anapaka mawese kwenye ekseli ya chukudu, na mimi nilikuwa nyuma ya banda la kuku nikijifanya naumwa tumbo ili nisiende kuteka maji. Kwa wasioijua, chukudu ni baiskeli iliyokosa bahati. Ni mbao tupu, haina pedali wala kiti. Unapakia magunia, unaisukuma mlimani, ukifika mteremkoni unapanda juu na kumwachia Mungu. Kwetu Kivu, upande wa Kongo, ndiyo iliyotulisha. Baba alibeba viazi vya watu kupeleka sokoni, na mguu wake wa kusukumia ulikuwa mnene kuliko mwenzake. Nilikuwa nikimwambia kwamba mguu mmoja ni wake na mwingine ameazima.

Jua lilipopanda kidogo, majirani wakaanza kugonga sufuria. Kwetu sufuria zikigongwa nyumba hadi nyumba si harusi. Maana yake wenye bunduki wameonekana. Nilikuwa darasa la tatu. Tumbo likapona papo hapo.

Shida ilikuwa Bibi, mama yake Baba. Miguu yake ilikuwa imeshagoma siku nyingi. Baba akampandisha kwenye chukudu katikati ya godoro na masufuria, akamfunga kwa kamba ya mpira.

"Unanifunga kama gunia la viazi," Bibi akalalamika.

"Viazi havisemi, mama."

Nikacheka mpaka Mama akanifinya.

Njia zilikuwa mbili. Ya migombani ilikuwa fupi na imejificha, lakini ni ya miguu, chukudu ingekwama kwenye mfereji wa kwanza. Barabara ilikuwa wazi kabisa. Baba akasema Mama apite migombani na mimi, na mdogo wangu Furaha mgongoni. Yeye na Bibi wangeteremka na barabara, tukutane kanisani kule chini. Mteremko ule ni wake, alisema, atatutangulia.

Tukaingia migombani.

Milio ikaanza. Upande wa barabara.

Mama hakugeuka. Na mimi sikugeuka.

Ikanyamaza. Ikaanza tena.

Kanisani hapakuwa na chukudu.

Tulisubiri mpaka watu wengine wote wakaondoka. Mwisho mwalimu mmoja alimshika Mama mkono, akamvuta kama mtoto anayegoma kwenda shule.

Yaliyofuata ni malori, ziwa, Kigoma, na hatimaye Arusha, kwa Mjomba, kaka yake Mama, anayeuza vitenge soko la Kwa Mrombo. Nimekulia hapa. Kiswahili changu kimenyooka, cha Mama bado kinawachekesha wateja. Mlima Meru ukifunguka asubuhi watu hutoa simu wapige picha. Mama huutazama kwa jicho baya. Kwetu milima ya namna hiyo hutema moto, na haamini mlima eti kwa sababu umelala.

Shuleni mimi ndiye mchekeshaji, cheo nilichojipa mwenyewe. Mwalimu wa historia aliona sauti yangu inapotea bure, akanipa kazi ya kusoma pale mstarini asubuhi mambo yaliyotokea duniani tarehe kama ya siku hiyo. Nasoma kama mtangazaji wa mpira. Mfalme kazaliwa, watu wanapiga makofi. Meli imezama, nawaombea wasafiri penalti. Kila mwaka tarehe yetu inafika, na kila mwaka kuna mfalme na kuna meli. Sufuria hazimo. Mwaka huu nilimaliza kusoma nikabaki nimesimama pale mbele, mpaka mwalimu akaniuliza kama nimesahau njia ya kurudi kwenye foleni. Wenzangu walicheka. Walidhani ni sehemu ya utani.

Jioni ya siku hiyohiyo jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwetu. Huwa wanakuja kila mwaka, na kila mwaka Mama huwaombesha Baba arudi. Bibi hatumwombei arudi. Yeye tulishakubaliana kwamba amekufa, kwa sababu alikuwa mzee. Walikuwa kwenye chukudu moja, kamba moja, barabara moja, lakini vichwani mwetu mmoja alikufa palepale na mwingine akaendelea kuishi. Nimejaribu kulifanya hilo kuwa utani. Halikubali.

Anayeongoza ni Mama Anaeli, jirani yetu, Mmeru wa Kikwe, mzee wa kanisa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa karibu na Mama kabisa.

"Mama Bahati," alisema, "sisi kwetu mtu akifa hulazwa mgombani, nyumbani kwake, na watu wakaanua matanga wakarudi kulima. Wewe matanga hujawahi hata kuyaweka. Leo nikuulize. Tuombe arudi, au tushukuru kwa maisha yake?"

Mjomba akakohoa. Furaha, ambaye hamkumbuki Baba hata sura, alikuwa anachezea uzi wa kitambaa cha meza.

"Bahati ndiye mwanaume wa nyumba," Mama akasema. "Aseme yeye."

Nilikuwa na uchovu tu. Niliona Mama mwaka ujao, na ujao tena, akiinua kichwa kila mlango unapogongwa.

"Tushukuru," nikasema.

Wakashukuru. Waliimba vizuri. Mama aliimba pia, mdomo ukifunguka na kufungika bila sauti, kisha akaenda jikoni kuwamiminia watu chai.

Baada ya siku chache nilipanda juu ya dawati nikamwiga mkuu wa shule, naye alikuwa mlangoni. Mwalimu wa nidhamu akataka mzazi. Mama alifika saa ya kutoka, kitenge chake kizuri kiunoni. Mwalimu alimsalimia kwa heshima, akasema mtoto wa kiume wa umri huu anahitaji mkono wa baba, je, baba yake hawezi kuja?

Miaka yote Mama alikuwa na jibu moja, kwamba yuko safarini. Nilimsubiri alitoe.

"Muulize huyu," akasema, bila kunitazama. "Mimi nilikuwa bado namngoja."

Mwalimu akanigeukia. Nikamwambia Baba alifariki vitani. Akanipa pole, akafuta adhabu, akatuambia twende nyumbani.

Njia yetu ni moja. Mama alitangulia.