Misahafu Miwili ya Mzee Khalfan

Sisi tuliokulia Ibra, bara ya Maskati, zama zile wazee wetu ndiyo kwanza wamerudi kutoka Unguja, tulikuwa na Ijumaa za peke yetu. Wenzetu wakishakula wali wa mchana walilala. Sisi tulingoja harufu ya udi. Bibi yangu, Bi Salma binti Nasor, alifungua sanduku lake la misumari ya shaba, akatoa karatasi za ukoo na kuzifukiza zisiliwe na mchwa. Kazi yetu watoto ilikuwa kuzishika juu ya chetezo kwa ncha za vidole, na aliyekohoa alitolewa nje. Huko nje jua lilichoma kisogo, na maji ya falaji, mfereji wa mji, yalipita polepole chini ya mitende. Ndani moshi ulipanda mpaka sura ya Bibi ikafifia, tukabaki na sauti yake tu.

Sauti hiyo ndiyo iliyotujulisha Mzee Khalfan, babu yake, mwenye duka Mkunazini siku ambazo Waingereza walikuwa bado na Malkia wao Viktoria, na rupia zenye kichwa chake zilifika mpaka Unguja. Karatasi yenye mhuri uliopauka: hapo amekodi duka. Waraka wa ndoa: hapo amemuoa Mwanaisha wa Malindi. Picha ya kahawia: hapo amesimama na mwavuli, kilemba kimekaa sawasawa, uso wa mtu aliyekatazwa kucheka. Bibi alitutajia alivyouza, kaniki, marekani, shanga, sukari guru, tende zilizotoka hapa hapa Ibra, na jinsi kila mtoto aliyetumwa dukani alivyorudi na kipande cha haluwa kwenye jani la mgomba. Nililiota duka lile mara nyingi. Mpaka leo sijui lipi nilisimuliwa na lipi niliongeza mwenyewe.

Mwisho kabisa ulitoka msahafu mkubwa, chapa ya Bombay, jalada jekundu. Ndani ya jalada Mzee Khalfan aliandika kila mtoto wa ukoo aliyezaliwa. Jina la kwanza lilikuwa Seif, mtoto aliyemwacha tumboni mwa mkewe Shamsa, Ibra, alipokwenda Unguja kutafuta maisha. Hakurudi tena. Chini ya Seif walifuata watoto wa Unguja, kisha wajukuu wa pande zote mbili, na wawili wa mwisho walikuwa Moza binti Seif na Salma binti Nasor, bibi yangu.

Na huyo Moza alikuwa hai, ng'ambo ya falaji, hatua chache kutoka kwetu! Tulipita mlangoni kwake kila Jumatano tukienda soko la wanawake. Aliitikia salamu yetu, akarudi ndani.

"Bibi, si binti ami yako huyu? Tuingie basi."

"Nitaingia na uso gani, mwanangu? Bibi yake alimngoja mume mpaka akafa, na mume tulikuwa naye sisi."

Mji ulituita Wazinjibari na kuucheka mchuzi wetu wa nazi, na Bibi alicheka nao. Mlango ule ndio uliomuumiza. Alikuwa amerudi kwa ajili ya ndugu, na ndugu aliyebaki alikuwa mmoja. Nilimhurumia, ingawa utotoni huruma yangu iliishia kumshika mkono tukipita pale.

Kisha kaka yake Bi Moza wa upande wa mama akafariki, na msibani huendi kwa kualikwa. Wanawake walikusanyika kusoma khitma. Bibi hakuona tena maandishi madogo, kwa hiyo alichukua msahafu wa Mzee Khalfan. Tulipomaliza, misahafu yote ilikusanywa na kufunikwa kwa kitambaa kama ilivyo ada, na wakati wa kuondoka msichana wa nyumba ile akampa Bibi ule wenye jalada jekundu.

Ijumaa iliyofuata Bibi alifungua jalada jekundu, akalisogeza penye mwanga. Mwandiko haukuwa tunaoujua. Chapa ile ile, rangi ile ile, lakini haukuwa msahafu wetu. Majina yalikuwa yale yale: Seif juu, chini yake watoto wa Unguja wote, hakuachwa mmoja, na mwisho kabisa Salma binti Nasor, na pembeni: Mola amlete tumuone.

Bibi aliweka kidole juu ya jina lake, akawa hawezi kukiondoa.

Kabla ya Alasiri mlango ukagongwa. Bi Moza alisimama pale, ameukumbatia msahafu wetu.

"Mlikuwa mmeniandika," alisema kwa Kiarabu.

"Na nyinyi mmeniandika mimi."

"Babu alinunua miwili, mmoja akautuma huku. Kila ilipokuja habari ya mtoto, bibi yangu Shamsa alimwita mwalimu amwandike. Alisema, watoto wa mume wangu ni wangu."

"Mbona hukuniambia, ewe Moza?"

"Nilidhani nyinyi ndio hamtutaki. Kila siku mnapita, hamuingii!"

Walilia, wakacheka, wakalia tena, na sisi watoto tukalia bila kuelewa vizuri. Tangu siku ile mandazi yetu yalivuka falaji kwenda, kahawa na tende zao zikavuka kuja, na sisi watoto tukaandikwa katika misahafu yote miwili.

Vijana wa leo wana njia zao. Mjukuu wangu, mtoto wa Maskati, alitema mate kwenye kichupa akayapeleka Ulaya ili aambiwe yeye ni nani. Akaletewa ramani ya rangi rangi kwenye simu. "Bibi, tumetoka huku na huku." Nikamwambia mashallah, nyinyi mnautafuta ukoo kwa mate. Mtoto akizaliwa hutangazwa kwenye kundi la simu, anapata maua na mioyo, na ikifika Magharibi ameshafunikwa na habari za mpira.

Bi Salma alipofariki, kabla hatujamtoa nyumbani, Bi Moza aliitisha misahafu yote miwili, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya jina la Bibi, siku aliyoondoka. Sasa naye hayupo, nyumba yake imefungwa, na misahafu yote iko kwangu. Jina langu limo katika yote miwili, na mbele yake pako patupu. Juzi nilimuuliza mjukuu wangu ni nani atakayepajaza.

"Usijali bibi, tutazipiga picha kurasa tu, tuziweke kwenye simu."

Ni mtoto mwema, na simu yake haipotezi kitu. Lakini mimi natamani siku nitakayoondoka mtu anayenijua ashike kalamu.