Siku Mifugo Yote Ilipoitwa Guyo

Jamani, kuna watu hapa Isiolo mpaka leo wakiniona sokoni wananisalimia kwa jina la ngamia, na siwezi kuwalaumu, maana sababu niliwapa mimi mwenyewe, mchana kweupe, ukumbi umejaa. Acheni niwasimulie kabla hamjaisikia kwa wale wanaoitia chumvi.

Kikundi chetu cha vijana wa Bulla Pesa kina wiki yake, yaani tovuti ambayo kila mwanachama anaweza kuihariri, na humo kila ngamia, fahali au mbuzi wa mbegu ana ukurasa wake ili wanunuzi wa mbali wamjue. Kwenye ukurasa unaandika jina, rangi na tabia ya mnyama, na kiolezo kimoja, kinachotumiwa na kurasa zote, kinayapanga hayo kwenye kisanduku pembeni. Kiolezo hicho nilikitengeneza mimi (kila mtu alijua, kwa sababu nilimwambia kila mtu). Halafu akaja Halima.

Halima aliandika moduli, programu ndogo ambayo kiolezo kinaiita ifanye kazi yote ngumu, na ghafla visanduku vikawa vinavutia mpaka wale wale waliokuwa wakiniita fundi wakaanza kusema, "Hiyo muulize Halima." Nikawa nacheka nao huku roho inaniuma. Nilimwonea wivu, sifichi, nikaionea wivu hata laptopu yake iliyopasuka kioo. Siku aliyokaa kutueleza jinsi moduli inavyopokea maelezo, mimi nilijifanya nasoma simu, kwa sababu kumsikiliza kungekuwa kukubali kwamba anajua.

Sasa ikatangazwa kwamba wafugaji watakuja ukumbini kuiona wiki, na siku hiyo hiyo kikundi kitachagua mwalimu wa mafunzo ya vijana. Kazi hiyo niliitaka, wacha mchezo. Asubuhi ya siku yenyewe, nikinywa chai, nikaamua jambo dogo tu: nitoe moduli ya Halima, niweke ya kwangu, halafu tuone nani ataulizwa.

Nikaiandika. Ili kuijaribu, nikaenda ndani ya kiolezo, pale pale kinapoiita moduli, nikaweka maelezo ya mzaha: jina, Guyo, yaani mimi; tabia, mpole na mwerevu kuliko Halima; hali, anatafuta mke. Kisanduku kikatokea safi kabisa! Nikahifadhi bila kufuta yale maneno (nilidhani ukurasa wa mnyama ukileta maelezo yake, ya kwangu yatajiondokea yenyewe), nikavaa shati langu la Idi nikaondoka.

Ukumbini nilidai mimi ndiye nioneshe. Mbele alikaa Mzee Galgalo, aliyetoka Garbatulla alfajiri na vumbi lote la njia, nikamwambia kwa madaha, "Mzee, tuanze na ngamia wako." Picha ikatokea ukutani, Adi, ngamia jike mweupe, ananyonyesha ndama wake, na pembeni kisanduku kimeandikwa: Guyo, mpole na mwerevu kuliko Halima, anatafuta mke.

"Kijana," mzee akasema, "hii ngamia yangu inaitwa Adi. Guyo ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Na bibi ndiyo unatafuta hapa kwa ngamia?"

Nikafungua haraka ukurasa mwingine, fahali wa Ngaremara: Guyo. Nikafungua wa tatu, mbuzi wa Mama Nkatha, na huyo naye Guyo, anatafuta mke. Mama Nkatha akasimama kabisa. "Kwani mbuzi yangu imeshinda Halima akili?" Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupata hewa. Halima peke yake hakucheka. Alikuwa anausoma ule mstari wa tabia polepole, na mimi natamani ardhi ipasuke inimeze na shati langu la Idi.

Akaja mbele. "Guyo, songa kidogo." Akaandika mstari mmoja ndani ya moduli yangu, na Adi akarudi kuwa Adi. "Moduli inasikia tu yule ameiita," akaueleza ukumbi, "na kilichoiita ni kiolezo. Maneno ya ukurasa yamebaki kwa kiolezo, ndiye mzazi wake. Usipoiambia iende iulize mzazi, haiwezi kuyajua."

"Ni kama nimpe dereva wa lori ujumbe wako," Mzee Galgalo akasema, "akifika anakuambia ya kwake."

"Hapo hapo, mzee."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Changu nilikichimba asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa ndani. Uchaguzi haukuchukua hata muda wa kukuna kichwa, mikono yote ilimwinukia Halima, nami nikainua wangu kwa kuchelewa, kwa sababu mzee alikuwa ananitazama.

Nimeapa sitaandika tena maneno ya mzaha ambayo siwezi kumsomea mama yangu. Kuhusu wivu sikuapa, ningedanganya. Juzi nilienda kwenye darasa la Halima, nikakaa nyuma, akaanza somo kwa kile kisanduku changu, Guyo mwerevu kuliko Halima, darasa zima likageuka kunitazama. Hilo ningelivumilia. Kilichoniuma ni kwamba alieleza vizuri sana, nikaelewa kila kitu, na mkono wangu ukawa wa kwanza kuinuka kuuliza swali.