Pilipili Manga Ndani ya Ladu

Nyumba moja pale Dodoma ilivunjwa na punje ya pilipili manga.

Msicheke. Punje ile ile unayokutana nayo kwenye pilau ukaitema pembeni ya sahani.

Zilikuwa enzi za Mjerumani. Reli ilikuwa imeshafika, na mji wenyewe ulikuwa stesheni, boma na maduka machache ya mabati. Duka moja lilikuwa la Mhindi kijana aitwaye Mustapha. Nyuma ya duka palikuwa na jiko, na jikoni alikuwepo Batuli.

Batuli alikuwa Mrangi wa Kondoa. Alikuja kama mpishi tu. Upishi ukatoka jikoni ukafika chumbani, mengine mnajua wenyewe. Sokoni wakaanza kumwita mke wa Mustapha, ingawa ndoa hakuna aliyeiona.

"Mtoto akija tu," Mustapha alimwambia, "nakwenda Kondoa kwa baba yako. Tunafunga ndoa kweupe."

Mimba ikaingia. Batuli akatulia akisubiri siku hiyo. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja, mwanawe azaliwe ana baba.

Na ana haki ya kuamini, jamani! Mwanaume huyu ndiye aliyemfundisha mapishi yote ya kwao. Dengu za kukaanga, maziwa ya lozi na iliki, ladu, vile vidonge vitamu vya karanga na ufuta. Alikulia pembeni ya jiko la mama yake huko Kachi, Bara Hindi, na kila alipoonja kitu kizuri alimtaja mama.

Siku moja walikuwa wanafinyanga ladu pamoja. Mustapha akachukua punje ya pilipili manga, akaizika katikati ya moja.

"Hii usimwambie mtu," akasema. "Kwetu anafundishwa mke tu. Mama humnong'oneza mkwe wake siku ya kwanza anapoingia jikoni. Hata binti zake hawaambii, maana wao wataolewa kwingine."

"Ya nini sasa?"

"Mwanamke aliyetoka kujifungua akiitafuna, tumbo linapata joto."

Batuli aliyashika maneno hayo. Anafundishwa mke tu. Shahidi hakuwa naye, mahari hakuiona, lakini punje hiyo alikuwa nayo. Wanawake wakimsema kisimani, yeye anacheka peke yake.

Basi bwana. Mimba imekuwa kubwa, kuinama ni shughuli. Mustapha akaingia jikoni na mzigo. Lozi, iliki, sukari guru, samli debe zima.

"Pika ladu za uzazi," akasema. "Nyingi. Kama za mama."

Moyo wa Batuli ukaruka. "Mapema hivi?"

"Zinakaa muda. Wewe pika."

Hakumtazama usoni. Batuli akadhani ni haya, akampenda zaidi.

Ladu hizo hazipikwi bila gundi ya mgunga, ule utomvu mkavu wa mti unaolika. Aliyemletea ni Loisi, mama wa Kigogo aliyekuwa akileta maziwa kila asubuhi kutoka Mkonze. Alitua kibuyu, akamimina gundi kwenye ungo, akashika kiuno.

"Gundi yote hii, shoga, unataka kujenga?"

"Ya uzazi wangu! Kakumbuka mwenyewe, sijamwambia."

"Wee! Basi umeolewa."

Walicheka hadi mteja wa dukani akachungulia.

Batuli alikaanga gundi kwenye samli mpaka ikafura kama bisi. Akatwanga karanga, akakaanga ufuta, akayeyusha sukari guru taratibu isiungue. Alifinyanga zikiwa bado za moto, viganja vikamwiva. Kwenye kila ladu akazika punje moja. Alikuwa anaimba, maskini ya Mungu, anamwimbia mtoto aliye tumboni.

Kesho yake treni ikaingia kutoka pwani. Mustapha alivaa koti safi akaenda stesheni.

Alirudi na mwanamke aliyejifunga shali ya kijani, amepauka, hatua zake za taabu. Mikononi ana kichanga.

"Batuli, pasha maziwa, lete na ladu. Mke wangu kajifungua Dar es Salaam juzi juzi, hana nguvu."

Mke wangu.

Nyie!

Kumbe mwaka uliopita, alipoaga kwamba anakwenda Kachi kwenye msiba wa baba yake, alihani na akaoa. Na ladu zilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo.

Batuli hakuanguka wala hakupiga kelele. Alipasha maziwa. Mikono ilijua kazi, akatia lozi, akatia iliki, akamimina kikombeni bila kumwaga. Machozi yalikuwa yanamtoka yenyewe, akayafuta kwa ncha ya kanga, akabeba sinia.

Mwanamke yule aliitwa Zaitun. Alilelewa Unguja kabla ya kurudishwa kwao, kwa hiyo Kiswahili chake kilinyooka. Alipoona tumbo la Batuli akatabasamu.

"Nawe u karibu, dada. Mumeo yuko wapi?"

Mustapha akawahi. "Mumewe yuko kwenye reli, kule Kilimatinde."

Batuli akamwangalia. Yeye akaangalia kichanga.

Zaitun akanywa maziwa, akashukuru, akachukua ladu akang'ata. Kitu kikalia kati ya meno yake. Akaacha kutafuna.

"Ni punje imedondokea humo," Mustapha akasema. "Wapishi hawa!"

Batuli akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Zimo kwenye zote, bibi."

Zaitun akavunja ladu ya pili. Punje. Akavunja ya tatu. Punje. Akamlaza mwanawe kitandani.

"Mama mkwe aliniambia hili sikioni," akasema polepole. "Siku nilipoingia jikoni kwake. Wewe umeambiwa na nani?"

Jibu lilikuwa limesimama pale na koti safi.

"Mustapha," Zaitun akasema, "mtoto aliye tumboni mwa huyu ni wa nani? Sema yeye anasikia. Ni wako au si wako?"

Batuli aliomba kwa Mungu jambo moja tu. Hakuomba ndoa tena, hakuomba chumba. Aliomba neno moja, "wangu," halafu ajiondokee.

Mustapha akanyoosha koti lake.

"Si wangu."

Batuli akatikisa kichwa taratibu. Halafu akasema jambo ambalo Zaitun hakulisahau.

"Maziwa yamepoa, bibi. Nikupashie tena?"

Zaitun akaangua kilio, mwanamke wa siku za uzazi, analia mbele ya mpishi. Alipotulia kidogo akaivuta sinia ya ladu, akagawa nusu kwa nusu, yake na ya Batuli. Akafunga nusu moja kwenye shali yake ya kijani.

"Chukua. Umefundishwa kama mimi. Ningekuwa na pa kwenda, tungeondoka wote."

Batuli akatoka kwa mlango wa nyuma. Loisi alimbebea mzigo hadi Makutupora, njia nzima anamtukana Mustapha kwa Kigogo, na hapo Batuli akaungana na wafanyabiashara waliokuwa wakirudi Kondoa.

Njiani alishikwa na njaa, lakini ladu hakugusa. Zilikuwa za uzazi.

Akajifungua mtoto wa kike kwao Kondoa. Baba yake Batuli, mzee mkali, akasimama mlangoni.

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

Mama yake akamletea maziwa ya moto na ladu moja. Batuli akang'ata, punje ikavunjika kinywani, joto likashuka tumboni kama alivyoahidiwa. Alilia siku hiyo hata mama yake akafunga mlango watu wasisikie.

Mustapha hakuja kamwe. Shali ilimbeba mtoto mgongoni mpaka ikachanika.

Lakini kuna jambo Batuli alilifanya maisha yake yote. Kila mwanamke aliyejifungua pale kijijini alimpikia ladu, na kila mmoja alimwonyesha punje inapozikwa. Alimwonyesha mke wa ndoa, alimwonyesha aliyeachwa, alimwonyesha binti aliyezalia nyumbani. Siri ya wake wa kina Mustapha ikawa inajulikana na kila mtu kisimani, na hakukuwa tena na mwanaume wa kumdanganya mwanamke kwa punje hiyo.

Dada zangu, mwanaume akikuambia upike chakula cha uzazi, usianze kuimba. Muulize kwanza, kabla samli haijapata moto, ni uzazi wa nani.