Magodoro Tisa Kando ya Barabara

Kazi yangu ni kuthamini nyumba. Napima vyumba, nachungulia dari, nagonga kuta kwa vidole, kisha naandika bei. Nina kanuni moja ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha: ukifunguliwa mlango wa nyumba iliyojaa vitu mpaka juu, usigune. Mwenye nyumba huusoma uso wako kabla wewe hujazisoma kuta zake. Najisifu kwamba sijawahi kuguna mbele ya mtu. Lakini kwa mama mmoja wa Mulekera, pale Beni, niliguna moyoni.

Alikuwa mjane. Mwanawe mkubwa, mfanyabiashara wa Butembo, ndiye aliyenituma. Alitaka nyumba iuzwe, mama ahamie kwake apumzike, na mama alikuwa amekwisha kukubali. Karatasi yangu ikifika Butembo tu, safari.

Sebuleni tulipita ubavuubavu, kama watu waliochelewa misa wanaotafuta nafasi kwenye benchi. Kulikuwa na milango miwili isiyo na nyumba, cherehani tatu, mabati, baiskeli, masufuria yaliyopandana, na magodoro yaliyofungwa kamba. Nikajisemea, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Vyumba vitatu vilikuwa bado.

"Mama, hii yote ni yako?"

"Hapana, papa. Ni bintu ya batu. Banakimbia vita kule kwao, banapita hapa, banasema, mama utuchungie. Mi nachunga."

Kila kitu kilikuwa na kipande cha kitenge kilichofungwa fundo. Mimi nilidhani ni matambara. Kumbe mwenye kitu huondoka na kipande cha pili, na akirudi wanalinganisha rangi.

"Na asiporudi?"

"Basi nachunga."

Nilimpenda papo hapo, sifichi. Lakini kazi ni kazi. Ukuta wa chumba kikubwa ulikuwa umefichwa na magodoro, na mimi nilisikia harufu ya unyevu. Nikamwomba kwa adabu zangu zote tuyatoe nje kwa saa moja, yapate na jua.

"Inje?" Akagusa kamba ya godoro la karibu. "Papa, uko sure?"

Nikafikiri anaona haya kwa sababu ya madoa. Nikamwambia taratibu kwamba hakuna atakayemcheka. Ndivyo nilivyo mimi, mtaalamu mwenye huruma! Tukatoa magodoro tisa, na kamba zake, tukayaegemeza kwenye ua kando ya barabara.

Mzaliwa wa Kayna kama mimi hana cha kujitetea. Godoro la kwetu nimelibeba kichwani mwenyewe tulipokimbia vita, na najua kwamba huku, godoro lililofungwa kamba likionekana barabarani, watu hawaulizi habari. Wanafunga lao.

Sikuwa nimemaliza kupima ule ukuta niliposikia masufuria yakigongana kwa jirani. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anaanua nguo zikiwa bado zinachuruzika maji. Pikipiki mbili zilikuwa zimekwisha kuitwa. Kisha mama mmoja kijana akaingia uani mbio, mtoto mgongoni, beseni la vyombo kichwani, machozi yanamtoka.

"Mama, hata weye unakimbia? Sasa bintu yetu tutaachia nani?"

Mwenyeji wangu alitoka hadi barabarani akapiga makofi. "Hakuna kitu! Hapana kimbia! Ni huyu papa, anapima nyumba, njo alitosha magodoro inje!"

Avenyu nzima ikanigeukia. Wengi walicheka. Mzee mmoja alinitukana kwa Kinande, na Kinande nakijua vizuri. Yote aliyosema nilistahili. Yule mama mwenye beseni ndiye hakucheka.

"Anapima ya nini?" aliuliza.

 Mwenyeji wangu hakuwa amewaambia kwamba nyumba inauzwa. Aliangalia beseni, akaangalia mtoto mgongoni, kisha akashika godoro la kwanza na kuanza kulivuta kurudi ndani. Niliona aibu, nikalishika upande wa pili. Majirani walitusaidia kubeba, na yeye akasimama mlangoni akielekeza la nani likae wapi.

Mchana mwanawe alipiga simu. Nilimpa bei ya haki, unyevu wa ukutani ukiwa ndani yake. Akafurahi. Mama akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Mutoto yangu, bei nimesikia, ni muzuri. Lakini hapana uzisha nyumba. Weye ukinikosa, utalia. Hawa bakinikosa, batakimbia."

Simu yangu husikika hata kwa aliye pembeni. Nikamsikia yule mfanyabiashara mkubwa wa Butembo, bila kutaja bei tena, akimuuliza mama yake, kwa sauti ndogo, kama amekwisha kula.