Nyekundu Ilikuwa Bado

Mdogo wangu alikuwa anachora kucha. Watu wakiuliza marehemu alifanya kazi gani, mama hujibu, "Mchoraji," nami simrekebishi kwa sababu ni kweli. Mtaani walimwita Mawimbi. Jina lilitokana na wimbi moja kubwa lililoanzia kidole kidogo cha kushoto cha mteja na kuvunjikia kidole kidogo cha kulia. Ukitandaza mikono miwili mezani, unaona bahari nzima. Ukikunja ngumi, haipo.

Wimbi lile hakulitoa kichwani. Baba yetu, Mungu amrehemu, alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, na zamani alileta nyumbani kalenda yenye picha za Kijapani, zile za kale zilizochongwa kwenye mbao na kugongwa kwenye karatasi. Mwaka wa kalenda uliisha, kalenda ikabaki ukutani. Alikuwa akimpakata mdogo wangu na kumwelekeza kwa kidole.

"Kila rangi ina ubao wake. Kwanza mistari myeusi. Halafu bluu, ikauke. Halafu kijivu, nayo ikauke. Na pembeni kuna alama, ili kila ubao ukae pale pale ulipokaa mwenzake. Ukikosea alama, mtu anapata pua shavuni."

Mimi nilikuwa nacheka hiyo pua. Mwenzangu hakucheka, alikuwa anatafuta alama.

Alipokua akafanya vile vile kwenye kucha. Kila ukucha aliutia nukta mbili nyeupe, moja kila ukingo. Kwa kila rangi alikata stika kwa wembe, akaacha wazi pale tu rangi inapotakiwa kuingia, akaiweka kwenye ukucha kwa kibano akifuata nukta. Akipaka rangi moja husubiri. "Rangi lazima ilale," alisema. Mteja mwenye haraka alifukuzwa: "Nenda kapakwe rangi moja, uende zako sokoni."

Jambo jingine lilinishangaza. Alikaa mbele ya mteja, meza katikati, lakini picha aliigeuza ili aione mwenye mkono. Kwa hiyo yeye mwenyewe siku zote alichora juu chini. Siku moja nilimwambia, "Watu wako wananing'inia kama popo."

"Dada Shehe," akanijibu, hilo ndilo jina alilonitania nalo kwa sababu ya kusali kwangu, "mwenye mkono ndiye atakayekaa nao. Mimi nimeshawaona."

Yeye naye alisali. Ndiyo maana kucha zake mwenyewe alizipaka zile siku tu ambazo mwanamke hasali, na mkono wa kushoto tu, kwa kuwa wa kulia ndio ulioshika brashi. Mama alikuwa hamwachii. "Umezitoa? Udhu haupiti kwenye rangi." Naye hujibu, "Nimezitoa, mama, nuka uone," akimpelekea vidole puani vikinuka asetoni, mama akimpiga kofi la mkono huku anacheka.

Alikufa asubuhi, anakinga maji bombani. Ndoo ilijaa ikamwagika, na ule mlio wa maji yanayomwagika bila mtu kufunga ndio uliotutoa ndani. Daktari alisema moyo. Sisi tulisema amri ya Mungu, na bado tunasema.

Tulimwosha mimi na shangazi. Kabla ya maji ilibidi kutoa rangi kwenye mkono wa kushoto. Shangazi aliniachia pamba, akageukia ukutani. Kulikuwa na daraja la mbao na mvua ya mistari myembamba, bluu na kijivu, nyekundu bado. Nilifuta kidole kimoja kimoja. Picha iliingia kwenye pamba ikawa tope.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilinuka asetoni. Mwanzoni nilidhani ni mikono yangu. Nikaosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Lakini harufu ilikuwa inakuja ghafla, mchana kweupe, ninapokunja mkeka wa kusalia, halafu inakwenda. Mama aliwahi kuinua uso kutoka kwenye mchele aliokuwa anachagua akasema, "Mwambie afungue dirisha." Kisha akakumbuka. Mimi siamini kwamba wafu wanarudi, dini haikunifundisha hivyo. Nilisoma dua, nikafungua dirisha.

Mitaani ilikuwa vibaya zaidi. Kazi yake ilikuwa bado inatembea. Mwanamke ananipa chenji dukani, na korongo wa mdogo wangu ameruka kwenye kidole gumba chake. Nesi anampima mama presha, na mlima wenye theluji uko mkononi. Na chini ya kila picha palikuwa na upande mtupu, ukucha mpya unaoota na kuisukuma picha mbele. Sikuhitaji kuhesabu siku. Niliziona zikiongezeka kwenye vidole vya watu, halafu mtu mmoja mmoja akakata kucha, na mitaa ikaanza kuwa myeupe.

Akabaki Sindano. Huyu ni fundi cherehani, chumba chake kimepakana na kile alichochorea mdogo wangu, na walikuwa marafiki wa kugombana kutwa. Ndiye mteja wake wa mwisho. Jioni ya kabla ya kifo alipakwa daraja lile lile la mvua, akaambiwa aje kesho kwa nyekundu, kwa sababu kijivu lazima kilale.

Alikuja nyumbani alasiri moja akatandaza mikono mbele yangu. Kucha zilikuwa ndefu, mbili zimechanika.

"Dada, nimalizie."

"Mimi? Sijawahi kushika brashi."

"Zinanasa nguo. Jana nimeharibu hariri ya watu. Lazima nikate, na siwezi kukata kitu ambacho hakijaisha. Nimejaribu, mkasi nimeurudisha." Akafuta pua kwa kiwiko, vidole vikiwa bado vimetandazwa. "Na kwa mtu mwingine siendi. Angenizomea huko aliko."

Tulifungua kile chumba. Taa ya kukaushia ilikuwa na vumbi. Kwenye droo, katikati ya karatasi mbili za nailoni, stika za nyekundu zilikuwa zimeshakatwa, zimepangwa kama vidole. Nilikaa kwenye kiti chake. Kutoka pale daraja lilikuwa juu chini, na watu wanatembea kwa vichwa.

Nilisema bismillahi nikaanza na kidole kidogo cha kushoto. Nukta nilizijua. Stika ilikaa sawasawa kati ya nukta mbili, kwa sababu zilikua pamoja na ukucha, hazikuiacha picha. Nikapaka, nikasubiri, nikabandua.

Sindano alitazama. "Dada Shehe. Mwavuli umeuzamisha mtoni."

Nilikuwa nimeweka stika kwa macho yangu, si kwa macho yake. Mwavuli, badala ya kuwa juu ya mwanamke anayevuka, ulikuwa chini, majini, mwekundu. Nilinyosha mkono kuchukua asetoni.

"Usithubutu," akasema. "Picha itakwenda yote. Acha, ni kivuli chake majini. Endelea, na ugeuze."

Niligeuza. Miavuli ikafunguka moja moja juu ya daraja. Harufu ile ilikuwa imejaa chumbani ingawa chupa ya asetoni ilikuwa imefungwa. Mwisho nikafika kidole kidogo cha kulia. Hapo kulikuwa na mwisho wa daraja na mvua tu, hakuna mtu. Lakini stika ilikuwepo. Nilipaka, nikabandua.

Mtu mdogo kama punje alikuwa amesimama ng'ambo. Hana mstari mweusi wa kumzunguka, ni nyekundu tupu. Hana mwavuli. Ana kitu kwapani.

"Huyu nani?" Sindano aliuliza kwa sauti ndogo. "Hakuwepo. Kwenye mistari myeusi hakuwepo."

Tulikwenda kwa mama. Alivaa miwani, akakishika kile kidole muda mrefu.

"Mkoba kwapani," akasema. "Baba yenu hakuwahi kuushika mkononi."

"Mama, inaweza kuwa mtu yeyote."

"Inaweza," akasema mama, na hakukiachia.

Sindano alikata kucha zake, zote isipokuwa hiyo moja. Hukiinua kidole hicho anaposukuma kitambaa kwenye cherehani, kisinase uzi. Kila nikienda kusali nampitia.

"Yupo?"

"Yupo. Mvua yote ya juu imeshakatika na ncha ya ukucha," ananiambia, akikigeuzia kwangu. "Amebakiza kidogo tu kufika ukingoni."

Nyumbani harufu imepungua. Haijaisha. Mama anaacha dirisha wazi.